Mita Saba za Kitambaa Cheupe

Bwenini, Jumapili, tarehe 2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui nyie huko. Koti la maabara limefika Ijumaa na limenikaa kama nimezaliwa nalo. Wenzangu wamenunua dukani, mabega yanawaning'inia. Wananiuliza fundi wangu ni nani, nami najibu kwa madaha: "Mnamtaka Pima-Mbili? Hamtamweza, ana foleni."

Sasa sikiliza habari kubwa. Mtihani wa hesabu umerudi. Swali la nane lilitutoa jasho wote, arobaini na wawili tuliomo darasani. Lilikuwa na milinganyo miwili:

x + y = 5
2x + 2y = 12

Tutafute x na y. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alijaza ukurasa mzima, akapata sehemu ambazo hata kuzitamka huwezi. Mimi niliandika maneno mawili tu: "Haina jibu." Mama, nimepata alama zote! Peke yangu! Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mwanao,
Sindano

---

Chumba cha kushonea, Jumapili, tarehe 9 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma presha inapanda. Hebu nieleweshe. Mimi nimeinamia cherehani tangu kaka zako hawajaota meno, mgongo umekuwa ndoano, ili wewe uende shule ukaulizwe swali ujibu "haina jibu"? Na mwalimu akakupa alama? Jibu hilo hata mimi ningelitoa, na nimeishia darasa la nne!

Jirani wa duka la viatu nilishamwambia umekuwa wa kwanza. Akaniuliza, "Kwa jibu gani?" Nikamwambia ni jibu refu, hawezi kulielewa.

Kazi ya kituo cha afya inakwenda. Makoti ya wauguzi kumi na manane na aproni tisa, wiki ijayo nakabidhi. Mkuu wa wauguzi alipita juzi, akashika mshono wa bega akasema, "Huu mkono hautafutiwi mwingine." Nikajidai sijasikia, ili arudie.

Niandikie unifafanulie, nisijeumbuka mtaani.

Mama yako,
Pima-Mbili

---

Bwenini, Ijumaa, tarehe 14 Februari

Mama,

Nimecheka mpaka matroni akagonga mlango. Haya, kaa kitako nikufundishe.

Mstari wa kwanza unasema: kitu kimoja cha x na kimoja cha y, jumla tano. Sasa ukichukua kila kimoja mara mbili, jumla lazima iwe ngapi? Kumi. Mstari wa pili unadai ni kumi na mbili. Wa kwanza unasema hivi, wa pili unaupinga. Ukimwamini mmoja, mwingine ni mwongo. Hakuna namba duniani ya kuwaridhisha wote wawili, hata utafute mpaka kesho kutwa. Ndiyo maana haina jibu. Si kwamba nimeshindwa kulipata, Mama. Nimethibitisha kwamba halipo! Hiyo ni kazi tofauti kabisa.

Ukiichora milinganyo hii inakuwa mistari miwili iliyonyooka. Kwa kawaida hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo jibu lilipo. Hii haikutani. Na ipo ya namna ya tatu, ambayo mistari yote miwili ni mmoja, basi majibu hayahesabiki.

Umeelewa, au nije nikuchape viboko?

Sindano

---

Chumba cha kushonea, Jumatano, tarehe 19 Februari

Wee mtoto, viboko umchape nani?

Nimeelewa. Tena nimeelewa kuliko hao wenzako arobaini na mmoja. Ningekuwa darasani ningemwambia mwalimu hivi: mishono miwili ya suruali hukutana pale katikati ya miguu, sehemu moja tu. Hilo ndilo jibu lenu la kawaida. Mishono miwili ya pambo, ile inayopita pembeni mwa mfuko, inakwenda sambamba toka juu hadi chini, ikikutana ujue fundi alisinzia. Hiyo ndiyo haina jibu. Na ukipitisha sindano juu ya mshono uleule wa mwanzo ili uukaze, miwili imekuwa mmoja, huwezi kuonyesha inakutana wapi kwa sababu inakutana kila mahali.

Nimekosea wapi? Jirani wa viatu nimemweleza, amebaki mdomo wazi. Nikamwambia, "Binti yangu ndiye aliyelithibitisha." Nimelitamka vizuri hilo neno, nililifanyia mazoezi.

Kesho nakabidhi makoti.

Mama yako

---

Kituo cha afya, Ofisi ya stoo, Jumatatu, tarehe 24 Februari

Kwa Fundi Mshonaji,

YAH: UPOTEVU WA KITAMBAA CHEUPE

Husika na somo hapo juu. Mwezi wa Desemba ulipokea kitambaa mita 21, ukashona makoti 6 na aproni 3. Hakuna kilichobaki. Mwezi wa Januari ulipokea mita 70 na kuweka sahihi, ukashona makoti 18 na aproni 9, yaani mara tatu kamili ya kazi ya mwanzo. Hukurudisha hata kipande.

Mara tatu ya 21 ni 63. Mita saba ziko wapi?

Aidha, ulionekana posta ukituma kifurushi cha nguo nyeupe. Kamati itakaa Ijumaa tarehe 21 Machi kuamua iwapo kituo kitaendelea kukupa kazi. Unatakiwa kufika na maelezo.

Hesabu haidanganyi.

Mtunza Stoo

---

Chumba cha kushonea, Jumatano, tarehe 26 Februari

Sindano,

Barua hiyo juu ni ya Bwana Stoo, ameileta mwenyewe na kuniita mwizi mbele ya majirani. Isome uniambie anachosema ni sawa au si sawa. Usimwonyeshe mtu. Kula vizuri.

Mama

---

Bwenini, Jumapili, tarehe 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua ya Bwana Stoo. Nilikaa maktaba toka asubuhi mpaka kengele ya chakula cha mchana. Koti nimeliita k, aproni nimeiita a.

6k + 3a = 21
18k + 9a = 70

Ukizidisha mstari wa kwanza mara tatu, unapata 18k + 9a = 63. Wa pili unasema 70. Kwa hiyo 63 iwe sawa na 70? Haiwezekani. Ni swali la nane lilelile, Mama, limehama kwenye mtihani likaja kugonga mlango wetu.

Bwana Stoo amehesabu vizuri hadi 63, kisha akaruka moja kwa moja hadi mwizi. Milinganyo ikipingana inakwambia kuna kitu si kweli, lakini haikuambii ni kipi. Huenda ile 21 si kweli. Huenda 70 si kweli. Huenda makoti ya Januari ni makubwa kuliko ya Desemba. Na huenda, kama anavyosema yeye, kuna kitambaa kilikwenda kwingine.

Ndiyo maana nauliza, Mama, na usinikasirikie. Ulivyopokea zile mita sabini, ulipima? Na koti langu, kitambaa ulikitoa wapi? Mita saba zinatosha makoti mawili na aproni moja, nimepiga hesabu. Koti langu ni moja tu, hata hivyo nauliza ili niweze kukutetea.

Mwanao,
Sindano

---

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepata barua yako.

Chukua wembe ufumue pindo la chini la koti lako, upande wa kushoto.

Mama yako

---

Bwenini, Jumatano, tarehe 12 Machi

Mama yangu,

Sijui nianzie wapi. Shikamoo. Naomba unisamehe. Naomba tena.

Barua yako ilinifika jana. Hukuandika hata "mwanangu". Nikaazima wembe, nikaenda nyuma ya bweni, nikafumua uzi mmoja mmoja kama ulivyonifundisha, bila kuvuta. Nilipokunjua pindo nikaliona ua jekundu lenye majani mawili ya kijani, limetariziwa kwa mkono. Nikalijua palepale. Ni ua la mashuka ya kitanda chako, yale uliyoyatarizi kabla hujaolewa, yale ambayo baba, Mungu amrehemu, alikuwa anatukataza kuyarukia na miguu michafu.

Umekata shuka la harusi yako unishonee koti. Ukalificha ua ndani ya pindo ili nisijue, nisione haya mbele ya wenzangu. Nami nikakuuliza umekitoa wapi kitambaa. Nimelia, Mama, nimelia kama mtoto mdogo, mpaka rafiki wa kitanda cha juu akashuka kuja kukaa nami chini.

Sasa sikiliza, maana kulia peke yake hakutakusaidia tarehe ishirini na moja.

Leo mwalimu alituandikia swali ubaoni. Mtu mmoja katembea kilomita kadhaa, mwingine mita kadhaa, wote tukajumlisha, wote tukakosa. Akasema, "Kabla hamjalinganisha, hakikisheni wanaongea lugha moja." Nikashtuka kwenye kiti. Barua iliyopita nilitilia shaka kila kitu, 21, 70, makoti, hadi mama yangu mzazi. Kitu kimoja tu sikukigusa: mita yenyewe. Nani alipima mzigo wa Desemba, na kwa kipimo gani? Nani alipima wa Januari? Kama mita ya Januari ni fupi kuliko ya Desemba, basi ile milinganyo haipingani hata kidogo, ila mmoja umeandikwa kwa lugha nyingine.

Nimepiga hesabu. Ili mita 63 za kweli zisomeke 70, kila "mita" yake lazima iwe na sentimita tisini, kamili, bila baki. Inapotoka namba nzima namna hiyo, Mama, mimi huwa natega sikio.

Usiende na maneno. Nenda na ile rula yako ya mbao ya mita moja, ya kwenye meza ya kukatia. Mwombe alete kipimo chake, uvilaze pamoja mbele yao.

Sindano wako, mwenye aibu

---

Chumba cha kushonea, Ijumaa jioni, tarehe 21 Machi

Mwanangu Sindano, mwanangu wa pekee mwenye kichwa,

Marahaba, marahaba, marahaba! Chai yangu imepoa hapa pembeni na sina habari nayo, nataka nikusimulie kabla sijasahau hata nukta.

Kwanza nikiri jambo. Uliniuliza kama nilipima, nikanuna, nikakujibu mistari miwili. Ukweli ni kwamba swali la koti liliniuma, lakini la kupima liliniuma zaidi, kwa sababu sikupima. Mimi, Pima-Mbili! Siku ile kifurushi chako kilikuwa kwapani, posta inafunga, Bwana Stoo akasema "sabini", nikatia sahihi nikatoka mbio. Kifurushi hicho alikiona kwa macho yake, kimeshafungwa kamba, kabla sijakabidhiwa hata uzi wa kitambaa chake. Ningeweza kumkumbusha. Lakini ningemkumbusha hilo, ingebidi niseme pia kwamba sikupima, na jina langu lote mjini hapa ni hilo. Haraka haraka haina baraka, na kiburi nacho hakina akili. Umesamehewa. Nami unisamehe.

Sasa leo. Nimevaa gauni la bluu, nikabeba rula begani, njia nzima watu wananiangalia. Jirani wa viatu akaniuliza, "Unakwenda kumchapa nani?" Nikamwambia, "Nakwenda kupima."

Ofisini walikuwepo daktari mkuu, mkuu wa wauguzi, na Bwana Stoo na faili lake. Akasoma barua yote toka juu hadi "hesabu haidanganyi". Daktari akaniuliza nina maelezo gani. Nikailaza rula mezani. Nikasema, "Maelezo sina. Nina rula. Naomba Bwana Stoo alete kipimo alichopimia mzigo wa Januari."

Akaleta tepu yake, ile ya kitambaa, ya njano. Nikailaza juu ya rula yangu, mwanzo kwa mwanzo, nikainyoosha taratibu. Sindano, mia yake ikaangukia kwenye tisini yangu! Tisini, kama ulivyoandika! Nikarudi kutazama mwanzo wa tepu, namba ya kwanza ni kumi na moja. Kipande cha mbele hakipo.

Mkuu wa wauguzi akavaa miwani, akainama, akahesabu kwa kidole. Akamgeukia: "Bwana Stoo, sentimita kumi za mwanzo ziko wapi?"

Maskini, alilowa jasho. Akasema kile kibati cha mwanzo kiling'oka baada ya Krismasi, nyuzi zikaanza kufumuka, naye anapenda vitu nadhifu, basi akachukua mkasi akakata pale kwenye kumi, pakawa pamenyooka. Akaendelea kupima toka ncha mpaka mia. Hakuwaza zaidi ya hapo. Nikamwambia, "Umeikata mita, ukaendelea kuiita mita."

Daktari akachukua karatasi, sabini mara tisini, sentimita elfu sita na mia tatu. Mita sitini na tatu. Akaandika 63 kubwa, akaizungushia duara, akaweka kalamu chini. Akasema, "Hakukuwa na mita saba. Hazijawahi kuwepo." Kisha akaniomba radhi kwa kusimama, daktari mzima, mbele ya wote.

Mkuu wa wauguzi akaniuliza, "Fundi, ulijuaje?" Hapo ndipo nilipopasubiri siku zote hizi, mwanangu. Nikajinyoosha, mgongo wangu huu wa ndoano ukanyooka kama rula. Nikasema, "Sikujua mimi. Binti yangu ndiye aliyejua. Yuko mbali, ni wa shule, tepu hii hajawahi kuiona. Aliandika milinganyo miwili, akathibitisha kwamba haina jibu, kisha akatafuta ni kwa nini haina."

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imeua.

Kazi nimerudishiwa, ya mwaka mzima. Na sasa hivi, kabla ya kufunga bahasha hii, nimeipima rula yangu mwenyewe kwa mkanda wa chuma wa seremala. Ni mita kamili. Nimepima mara mbili.

Mama yako,
Pima-Mbili

---

Kituo cha afya, Ofisi ya stoo, Jumatatu, tarehe 24 Machi

Kwa Binti wa Fundi,

YAH: KUOMBA RADHI

Husika na somo hapo juu. Mama yako amenipa anwani, baada ya kunisumbua kidogo.

Nilimwita mwizi mtu asiye mwizi, nikatumia kifurushi chako kama ushahidi. Nimekwenda kwake jana mbele ya majirani nikayafuta maneno yangu, kwa kuwa mbele ya majirani ndipo nilipoyasema. Jirani yake wa duka la viatu ndiye aliyenikaribisha kiti, kisha akanieleza habari ya mishono sambamba kwa muda wa nusu saa.

Tepu nimeibandika ukutani stooni na chini yake nimeandika "HII SI MITA". Naomba kuuliza: niliandika kuwa hesabu haidanganyi. Je, ilinidanganya?

Kwa heshima,
Mtunza Stoo

---

Bwenini, Jumapili, tarehe 30 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mbele ya bweni zima, nimesimama juu ya kitanda. Pale mia ilipoangukia tisini wakapiga kelele, matroni akaja, ikabidi nianze upya ili naye asikie.

Bwana Stoo nimemjibu. Nimemwambia hesabu haikumdanganya, ilimwambia kweli kabisa kwamba kuna kitu hakipatani. Ni yeye aliyekosa subira ya kuiuliza swali la pili. Nami nilikosa subira hiyohiyo, tena kwa mama yangu, kwa hiyo sina cha kumringia. Nimemaliza kwa adabu, usiogope.

Mwalimu ameomba ruhusa yako atumie mishono yako mitatu kufundishia madarasa ya chini. Anasema kitabu chake hakina mfano mzuri hivyo. Nimemwambia nitamuuliza mwenyewe, maana huyo fundi ana foleni.

Na jambo la mwisho. Pindo la koti nimelishona tena kwa mkono, mishono midogo midogo, utaikagua nikija likizo. Ila nimelikunja kwa upande wa nje, ili ua lionekane. Jana maabara mwalimu wa kemia alisimama mezani kwangu, akaliangalia, akaniuliza duka gani linauza makoti yenye ua.

Nikamjibu kwa sauti, na darasa zima likisikia, kwamba haliuzwi. Nikamwambia ni shuka la kitanda cha mama yangu.

Mwanao,
Sindano